Chumvi Kwenye Geti

Nyinyi mnaochukua beseni yangu na kazi ya kufua jezi, hebu niwaulize: jezi nyekundu mpya, kabla iguse sabuni, unailoweka na nini? Achieng, weka simu chini. Kevo, usimwangalie Achieng, hana jibu. Maji moto? Haiya! Weka jezi nyekundu kwa maji moto uone kama timu yote haitatoka na rangi ya ufizi. Ni chumvi. Maji baridi na chumvi, unaacha ilale hapo hadi umalize chai yako. Chumvi inashika rangi, inatoa damu kwa soksi, na kuna siku hiyo chumvi ilikuwa karibu iue hii timu yenu. Hiyo ndiyo nataka kuwaambia, lakini nitaanzia mbali, maanake mimi nikianzia karibu najichanganya.

Mwende, mjukuu wangu, ananirekodi na simu yake. Shule mimi niliachia darasa la tatu nikae na wadogo wangu, kwa hivyo kuandika ni kwake, maneno ni yangu. Mkiona Kizungu hapo katikati, mjue ni yeye.

Hii kazi sikuomba. Tulikuwa tunakaa Makadara, bwana yangu dereva, mimi nafulia watu nguo. Mtu wa jezi wa timu alikuwa Mzee Wafula, mzee wa kutoka Bungoma, alifanya reli hadi wakamstaafisha, akachukua timu ya mpira akaiendesha kama gari moshi, kila kitu na saa yake. Alikuwa akipita nyuma ya nyumba yetu anasimama anaangalia kamba yangu ya nguo. Nikajiuliza, huyu mzee anataka nini na nguo za wenyewe? Siku moja akanisalimia, akaniambia, "Mama Mutua, naona wewe unaanika shati kwa pindo, si kwa mabega." Nikamjibu, "Ukianika kwa mabega, si itaota pembe?" Akacheka hadi kofia ikaanguka. Jumamosi iliyofuata nilikuwa uwanjani nabeba gunia la jezi.

Siku ya kwanza nilipewa soksi peke yake. Nikatoa tope, nikatoa nyasi, halafu nikatoa jino. Jino la mtu, jamani! Nikapiga nduru. Wafula akalichukua, akalifunga kwa karatasi, akasema, "Hilo ni la namba nne, alitoka uwanjani analitafuta." Nikajua hii kazi ina mambo.

Huyo mzee alinifundisha vitu vitatu na mimi nawaachia vile vile. Mtu wa jezi anatangulia timu, hafuati. Jezi zinapangwa kwa benchi kuanzia ya kipa, kila jezi na soksi yake chini. Na jezi haivaliwi nje ya chumba, hata kama hicho chumba kinavuja. Alikuwa akisema, "Mtu akivalia jezi barabarani huyo ni shabiki. Akivalia chumbani ni mchezaji." Wakati aliumwa hadi akaacha kuja, aliniita kwake akanipatia pini zake za nguo, zile za mbao. Hizo ndizo mko nazo. Zile za plastiki ni zangu, na zinavunjika, sitaki kuwadanganya.

Na mjue adui wa hii kazi si tope. Tope nitaiambia toka na itatoka. Adui ni mfereji. Mechi ni Jumapili, maji yamekatika tangu Jumatano, na jezi ziko kwa beseni zimekauka kama mkate wa jana. Nimefua jezi na maji ya kuoshea magari, yale ya kuomba kwa vijana wa car wash, na wachezaji wakaingia uwanjani wakinuka kama dashbodi. Wekeni mitungi. Mfereji ukilia usiku au mchana, amka.

Sasa, Kochi Abilio.

Alitoka Ureno. Wakubwa wa timu walisema alikuwa mchezaji wa maana huko kwao, mtu wa katikati, hadi goti likamwacha. Alikuja mwembamba, nywele imeanza kuwa nyeupe hapa kando, na mguu mmoja anaubeba kama mtu amebeba mayai. Kiswahili alifundishwa na wachezaji, na nyinyi mnajua wachezaji. Siku ya kwanza pasta wetu kuja kuombea timu, Kochi akampatia mkono kama anasalimia kijana wa mtaani: "Niaje, buda!" Pasta alikosa amina.

Lakini alikuwa mtu. Mazoezi ikiisha, wengine wanaenda, yeye anakuja kukaa na mimi kwa ndoo iliyopinduliwa, tunakunywa chai nikiloweka soksi. Nilimuuliza siku moja, "Kochi, huyu mtu wa katikati, kazi yake hasa ni gani? Kipa najua, wa kufunga najua." Akafikiria. Akaniambia, "Mama, wa katikati ni kama wewe kwa nyumba. Kila mtu anakuletea shida yake haraka haraka, na wewe unaitafutia mahali." Mpaka leo nikiangalia mpira naangalia huyo tu.

Na kuna kitu nilikuwa nimeona. Hakuwa akikanyaga laini nyeupe. Ile chokaa ya uwanja, akifika hapo anairuka, hivi, hop, kama mtoto anacheza bladaa, ule mchezo wa kuruka kamba. Kila siku. Nikamcheka. Akakunja suruali akanionyesha goti, lina kovu kama zipu. Akasema kule kwao, siku goti lilikufa, aliingia uwanjani akakanyaga laini, kitu hakuwahi kufanya, na mechi haikufika katikati. Nikamwambia, "Na si wewe ndiye unawagombeza vijana juu ya kuogopa uchawi, hizo kamuti?" Akaweka kikombe chini. "Mama, hii si kamuti. Hii ni goti."

Nyinyi wadogo hamjui hiyo vita ya kamuti ilikuwaje. Timu zetu zilikuwa zinaogopa geti ya watu. Unaambiwa wenyeji wamezika kitu hapo, ama wamepaka kitu kwa chumba cha kuvalia. Kwa hivyo vijana wanavalia kwa basi, halafu wanaruka ukuta kama wezi wa kuku, wanaingia uwanjani. Wetu waliruka ukuta hadi wakubwa wa ligi wakachoka, wakasema: hii timu ikiruka tena, ama ikikataa geti, mechi inapewa wale wengine bila mpira kupigwa. Kochi akasimama mbele ya vijana akawaambia, "Sisi tunapita geti. Kama watu."

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu huo. Tuko kwa shimo. Tukitoka sare tunabaki, tukipoteza tunashuka. Na yule mwenye duka ya mabati aliyekuwa anatushika mkono alikuwa ameshasema wazi: timu ikishuka, yeye anatoka, basi linauzwa, mambo imeisha. Hakuna timu. Vijana wengine hapo hawakuwa na kitu kingine duniani ila hiyo jezi. Mechi yenyewe ilikuwa kwa wenyeji, huko upande wa Baba Dogo, uwanja wa ukuta mrefu na geti ya chuma.

Nikatangulia kama kawaida. Gunia la jezi, na ndani pakiti kubwa ya chumvi, maanake soksi za damu huziloweki nyumbani, unaloweka pale pale. Nikafika geti, nikaliweka gunia kwa nguzo ya upande huu. Askari akaniambia, "Mama, kamlango kadogo kako upande ule." Mgongo unaniuma, nikashika gunia kwa masikio nikaliburuta mbele ya geti, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile. Nikaingia. Nikapanga jezi zangu kwa benchi, kuanzia ya kipa. Sikuangalia nyuma.

Nilikuwa nanyoosha soksi za mwisho wakati nilisikia basi, halafu nikasikia kelele, halafu nikasikia kimya. Kimya ndiyo ilinitoa nje.

Geti ilikuwa wazi. Basi limesimama nje, mlango wazi, na hakuna mtu anashuka. Vijana wote wako kwa madirisha wanaangalia chini. Na mimi nikaangalia. Mungu wangu. Laini nyeupe, imenyooka kutoka nguzo hadi nguzo, kama imepimwa na rula. Chumvi yangu! Pakiti ilikuwa imetoboka, na gunia ikamwaga nikiburuta.

"Mmeona?" Huyo ni Njoro, kipa wetu, mkubwa kama kabati, na mwoga. "Mmeona hiyo kitu? Hatuingii!"

"Ni chumvi!" nikapiga kelele. "Ni chumvi yangu! Pakiti imetoboka!" Nikachota kidogo nikatia mdomoni, nikamwonyesha ulimi.

Nilidhani nimemaliza. Njoro akaniangalia, akauliza polepole, "Chumvi yako, mama? Na wewe kwenu ni wapi?"

Eh. Kwetu ni Ukambani, na nyinyi mnajua vile watu wanasema juu ya Wakamba na kamuti. Mimi baba yangu alikuwa anachonga vinyago vya twiga na mama yangu alikuwa kwaya, kamuti ningeitoa wapi? Lakini niliona macho yao yakibadilika, moja moja. Watoto nimewafulia miaka. Mmoja nyuma akasema, "Kwani mathe ameuza mechi?" Hiyo maneno ilinipiga hapa kifuani. Nikainama kufagia na mkono, wakapiga nduru wote: "Usiguse! Unaisambaza!"

Juu ya ukuta wenyeji wamejaa, wanakufa na kicheko. "Hata na geti mmefungwa! Tumeni basi ndani, litacheza poa kuliko nyinyi!"

Refa akatoka, saa kwa mkono. "Kochi, saa ya mechi ikifika na sijaona wachezaji, napuliza filimbi naenda nyumbani."

Kochi alikuwa mbele ya basi. Akashuka. Akanyoosha jaketi, akawaambia vijana, "Ni chumvi ya mama. Mimi nakwenda mbele, nyinyi mnakuja." Akaanza kutembea.

Na hapo ndipo roho yangu iliruka. Kwa sababu mimi peke yangu ndiye nilijua. Ile ni laini. Ni nyeupe, iko chini, na huyo mtu hajakanyaga laini nyeupe tangu goti limfie. Nikaanza kuomba. Mungu, huyu mtu aangalie juu. Aangalie mawingu, aangalie refa, aangalie hata hao wajinga wa kwa ukuta. Anatembea vizuri, kifua mbele. Amebakisha hatua chache. Nikaona macho yake yakienda chini. Nikaona ule mguu.

Hop.

Akairuka. Hakutaka, mguu wenyewe uliruka. Akasimama upande wa ndani akaangalia nyuma kama mtu ameamshwa.

"Hata Kochi anaogopa!" Ukuta wote ukapasuka kwa kicheko. Mlango wa basi ukafungwa, paa!

Ouma ndiye alikuwa kapteni wetu, kijana wa mtaa wa Jericho, mpole, mama yake alikuwa rafiki yangu. Akatoa kichwa kwa dirisha. "Mama, tuletee jezi hapa. Tuvae, turuke ukuta, tuokoe mechi."

"Mkiruka mechi inaenda. Mliambiwa."

"Basi tufanyeje? Mama, tafadhali. Wewe lete tu jezi."

"Jezi ziko ndani."

"Mama!"

"Ouma, usinipigie kelele, nakujua ukiwa na kamasi. Jezi zimepangwa kwa benchi. Anayetaka kucheza anakuja kuvaa. Mimi sileti jezi barabarani."

Mimi ni nani wa kukataza timu jezi? Kama hawangeshuka, timu ingekufa na chumvi ya nani? Yangu. Watu wangesema hadi nizikwe. Lakini Mzee Wafula alikuwa ameniambia jezi haivaliwi nje, na siku hiyo sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Refa akaangalia saa.

Kochi alikuwa bado amesimama pale ndani, uso mwekundu kama hizo jezi. Basi nje, yeye ndani, chumvi katikati. Akainama. Akafungua viatu. Akatoa na soksi. Miguu nyeupe hiyo, jamani, kama viazi vimemenywa! Hata wale wa ukutani wakapunguza kelele, hawakujua kinachofanyika.

"Vijana," akasema. Hakuwa anapiga kelele. "Mimi naogopa."

Vijana wakatoa vichwa kwa madirisha.

"Hii laini, mimi naogopa kuliko nyinyi. Mimi nikakanyaga laini siku moja, goti kwisha, mpira kwisha. Mama anajua. Mama akacheka mimi." Akanionyesha na kidole, na mimi nikaona haya. "Nyinyi mnaogopa kitu ya watu. Mimi naogopa kitu yangu. Sawa. Tunaogopa wote."

Akainua ule mguu mbaya. Nataka muelewe, hakuushusha tu hivi hivi. Uliganda hapo hewani. Niliona jasho likishuka kwa shingo yake na jua lenyewe halikuwa kali. Nikasema kimoyomoyo, weka, baba, weka. Akauweka. Juu ya chumvi. Halafu akaleta ule mwingine kando yake. Akasimama hapo, miguu miwili, goti linatetemeka kama mtoto anaogeshwa na maji baridi. Hakutoka.

"Mimi nakaa hapa," akasema. "Nyinyi mkipita nyuma yangu, na mimi natoka."

Refa anaangalia saa. Mimi nahesabu pumzi ya huyo mtu.

Mlango wa basi ukalia. Ouma akashuka, viatu shingoni. Akakuja hadi kwa laini, akasimama, akaniangalia mimi, si Kochi.

"Mama, ile soksi yangu ya shimo umeshona?"

"Ingia uone."

Akakanyaga. Katikati kabisa. Halafu wakaja, mmoja, mmoja, wengine wamefunga macho, mmoja anaimba wimbo wa kanisa. Njoro akawa wa mwisho. Njoro aliruka, siwezi kuwadanganya. Lakini kipa ni mtu wa kuruka, nikamsamehe. Akipita akaniambia bila kuniangalia, "Pole, mathe." Nikampiga na taulo.

Walivaa kama nyumba inaungua. Waliingia uwanjani filimbi ikiwa mdomoni mwa refa.

Mechi yenyewe mnisamehe, ilikuwa mbaya. Hakuna mtu alicheza mpira hapo. Wenyeji walitufinya kwa kona moja kama nguo inakamuliwa, na mimi nimekaa na taulo mdomoni. Dakika za mwisho mpira ukapigwa, naona unaenda, naona wavu unaungojea, na Njoro, yule mwoga, akalala hewani akaugusa na vidole. Ukagonga mlingoti, ukatoka. Sare. Hakuna bao. Ni mechi mbaya kuliko zote nimeona, na ndiyo tamu kuliko zote. Siku hiyo nililoweka soksi na chumvi ya kuombwa dukani, nikiimba.

Kochi alikaa na sisi msimu mwingine, halafu akaitwa. Nchi nzima ilimtaka afundishe timu yao, huko upande wa magharibi mwa Afrika. Alikuja kuniaga, akakaa kwa ndoo yake. Nikamuuliza, "Sasa laini huruki tena?" Akacheka, akamaliza chai, akanirudishia kikombe.

Sasa nakaa Komarock kwa binti yangu, miguu juu ya stuli, natazama mpira wa mataifa kama mtu wa maana. Juzi Mwende akaniita vile kwetu tunaita nyanya, "Susu! Susu! Kochi wako!" Nikakimbia na mwiko. Ni yeye kweli, suti nzuri, nywele yote imekuwa nyeupe, anatoka na timu ya hiyo nchi uwanja umejaa hadi kwa paa. Kila mtu anaangalia uso wake. Mimi nikaangalia miguu. Akafika kwa laini.

Hop!

Nilicheka hadi nikakaa chini. Halafu nikalia kidogo, Mwende akashtuka, akaniuliza ni nini. Nikamwambia hii hadithi yote, vile nimewaambia. Nikamwambia, huyo mtu hajawahi kupona, bado anaogopa vile vile. Alikanyaga mara moja tu maishani baada ya goti, na hiyo mara moja ilikuwa yetu.

Mwende anacheza na wasichana wa hapa mtaani, wale nao tunawafulia, namba nane, mtu wa katikati. Jumamosi hii ni mechi yake ya kwanza na jezi ambayo mimi sijafua. Ni wewe Achieng utafua, na nikiona pembe kwa mabega nitakuja hapo. Juzi hiyo, zile pini za mbao zikiwa bado kwangu, Mwende alizizungusha kwa mkono. Halafu akaniambia:

"Susu, siku nitaingia uwanja mkubwa na jezi ya Kenya, nitapita geti, nifike kwa laini, niikanyage na miguu yote miwili. Na kama nitakuwa naogopa, nitatoa viatu kwanza, ndio ukiwa hapa kwa kiti ujue naogopa na nimesimama."